Mtoto aliyetoka kwenye mateso: mwongozo kamili wa kumlea na kurekebisha tabia, umri wa miaka 2 hadi 6

Mtoto mdogo akitolewa kwenye nyumba alikokuwa akipigwa, kutukanwa au kulazwa na njaa, ndugu wanaompokea hukwama karibu mahali palepale. Siku za mwanzo anakuwa mpole kupita kiasi, hata wageni wanamsifia. Baada ya wiki chache anaanza kung'ata wenzake, kuficha mkate chini ya godoro, kukojoa kitandani na kujirusha chini kwa jambo dogo. Wenye nyumba wanasema kadekezwa. Fimbo inatoka, na mtoto anarudi alikotoka bila hata kuhama nyumba.

Kinachoharibika mara nyingi ni mpangilio. Walezi wengi huanza na kurekebisha tabia, au na kumhoji mtoto alichofanyiwa, wakati mwili wake bado haujaamini kuwa umefika salama. Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa makusudi. Ukiruka ya kwanza, ya sita haitafanya kazi.

Mwongozo ni wa mama mdogo, shangazi, bibi, baba mlezi au yeyote anayelala nyumba moja na mtoto. Walimu wa chekechea waanzie hatua ya tatu.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu, visivyochezewa na watoto wengine.
- Mahali pake pa kulala, hata kama ni kona ya chumba kimoja cha kupanga: godoro dogo, chandarua, nailoni ya kufunika godoro, na khanga kuukuu mbili au tatu za kubadilisha usiku.
- Taa ndogo ya chaji au ya sola. Umeme ukikatika ghafla Mbagala au Tandale, wewe unaona giza tu, lakini mtoto anaweza kuona kitu kingine kabisa.
- Sahani, kikombe na mswaki vyake, vya rangi anayoitambua.
- Kopo lenye mfuniko la kuwekea vitafunwa.
- Vitu vya kuchezea: mdoli wa kitambaa, vizibo vya soda, penseli za rangi, unga wa ngano uliokandwa kwa maji na chumvi.
- Kadi yake ya kliniki, kama ilitoka naye.
- Namba za simu za afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa mtaa, na 116, ambayo ni namba ya huduma kwa mtoto na hupigwa bure.
- Mtu mzima wa pili wa kukupokea. Usilidharau hili, kwani mlezi asiyelala huishia kupiga, hata kama aliapa hatapiga.

## Hatua ya 1: Funga mlango wa hatari

Mtoto hatulii huku aliyemtesa anakuja kula pilau kila Jumapili. Hofu yake haitakuwa ugonjwa tena, itakuwa akili timamu.

Amua nani haruhusiwi kumchukua, kulala naye chumba kimoja wala kubaki naye peke yake. Waambie watu wazima wote wa nyumba hiyo kwa majina, pamoja na dada wa kazi na mwalimu wa chekechea.

Kisha toa taarifa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwenye serikali ya mahali alipo. Kwa Dar es Salaam, anza na ofisi ya serikali ya mtaa au afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa. Kwenye vituo vya polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, ambako mtoto husikilizwa kwa faragha na wala hasimamishwi kaunta mbele ya watu.

Ukishuku amefanyiwa ukatili wa kingono, nenda hospitali kabla ya saa 72 kwisha, na uende mapema uwezavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazianzishwi baada ya muda huo. Usimwogeshe wala usifue nguo zake. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu nailoni hutunza unyevu na kuozesha ushahidi. Hospitali ya Amana, Ilala, ina kituo cha mkono kwa mkono ambapo matibabu, ushauri na taratibu za polisi hupatikana mahali pamoja. Saa 72 zikishapita, nenda vilevile, maana bado kuna vipimo na matibabu mengine.

Onyo: kikao cha ukoo kinachomaliza jambo kwa faini na kupeana mikono huwaridhisha watu wazima tu. Mtoto huendelea kukutana na mtu yuleyule ukumbini.

Dalili ya mafanikio: unaweza kumtaja kila mtu anayeweza kumfikia mtoto kuanzia asubuhi hadi usiku, na hakuna hata mmoja unayemtilia shaka.

## Hatua ya 2: Pima mwili kabla ya kuhukumu tabia

Mtoto "mkaidi" asiyeitika huenda masikio yake yana usaha. Anayelialia na kukataa kubebwa huenda ana selimundu (sikoseli) na mifupa inamuuma. Mzembe asiyecheza huenda amepungukiwa damu. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito, damu, minyoo, masikio na macho, na mwonyeshe daktari makovu yoyote.

Jambo moja huchanganya watu: kuganda. Mtoto aliyezoea kupigwa hukauka ghafla na kutumbua macho mtu anapoinua mkono au sauti. Kifafa cha kuzubaa kinafanana na hilo, ila hicho hukata katikati ya neno hata mtoto akiwa anacheza kwa furaha, hudumu sekunde chache, kisha huendelea kama hakuna kilichotokea. Ukiona hivyo, rekodi kwa simu na umwonyeshe daktari.

Aliyekonda sana, au miguu imevimba, apelekwe siku hiyohiyo. Usimshindilie wali na nyama ili anenepe haraka, kwa sababu mwili uliokaa na njaa ndefu unaweza kudhurika kwa kulishwa kwa pupa.

## Hatua ya 3: Soma tabia kabla ya kuigusa

Kwa siku saba andika kila tukio katika sehemu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya, na ilichukua muda gani kutulia. Mfano:

*Saa 1 jioni. Baba mlezi kaingia, kavua mkanda abadilishe nguo. Mtoto kajikojolea, kajificha nyuma ya ndoo. Dakika 25.*

Bila sehemu ya pili, hapo utaona mtoto wa miaka minne anayejikojolea makusudi. Ukiiandika, unaona mkanda.

Ili usome vizuri, jua mateso ya aina tofauti yanafundisha nini.

Aliyekuwa akipigwa anaisoma hasira mapema mno. Majaribio ya mwanasaikolojia Seth Pollak wa Marekani na wenzake yalionyesha kuwa watoto waliopigwa hutambua uso wa hasira kabla picha haijakamilika, mapema kuliko watoto wengine. Ni ujuzi uliomlinda. Shida ni kwamba chekechea unamponza: mwenzake akimgonga kwa bahati mbaya kwenye foleni ya uji, yeye anaona uchokozi, naye hujibu kwa ngumi. Kenneth Dodge na wenzake walieleza jambo hilihili mwaka 1990 walipowafuatilia watoto wa umri wa chekechea.

Kuna lingine linalowaudhi sana walezi. Mtoto mwingine akianguka na kulia, huyu anaweza kumkaripia, kumpiga, au kuonyesha hofu, pale ambapo watoto wengi husogea kumtazama kwa huruma. Mary Main na Carol George waliliona hilo mwaka 1985 kwa watoto wadogo waliokuwa wakiteswa. Usimwite katili. Kwake kilio kilikuwa ishara kwamba kipigo kinakuja.

Aliyetelekezwa huwa kinyume. Uso umepooza, halii hata akiumia, hakuombi kitu. Maneno ni machache kuliko umri wake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akizungumza naye. Anaweza pia kushindwa kutofautisha uso wa huzuni na wa hasira, kwani hakuziona nyuso za kutosha kwa karibu. Huyu ndiye anayesahaulika, kwa sababu hasumbui mtu. Binafsi ningemwangalia huyu kwanza.

Aliyetukanwa na kutishwa hujilaumu kwa kila kitu. Sahani ikivunjika chumba cha jirani, yeye anasema "sio mimi" kabla hajaulizwa.

Utamwona na yule anayemkumbatia kila mtu, anayeweza kuondoka na kondakta wa daladala bila kugeuka nyuma. Watu humwita mchangamfu. Kwa kweli hajajifunza kuwa kuna mtu wake, na hilo linamweka kwenye hatari mpya.

Watoto wengi wamepitia zaidi ya aina moja, kwa hiyo usitafute kumweka kwenye kundi moja tu.

Dalili ya mafanikio: mwisho wa wiki unaweza kutaja vitu viwili au vitatu vinavyomwasha mtoto wako, yaani vinavyoamsha hofu yake ghafla. Mara nyingi ni fimbo ya fagio, harufu ya pombe, mlango kubamizwa, kuvuliwa nguo za kuoga, au sauti nzito ya kiume.

## Hatua ya 4: Fanya siku ifanane na jana

Mtoto aliyeishi asijue kipigo kitatoka wapi hutumia nguvu zake zote kubashiri. Ukimpa siku inayobashirika, nguvu hizo zinabaki kwa kucheza na kujifunza.

Shika nguzo tano zisizobadilika: kuamka, uji, kuoga, chakula cha usiku, kulala. Mtangulizie kila mabadiliko: "Ukimaliza uji tunakwenda kuoga." Chora picha tano kwenye karatasi, bandika ukutani kwenye kimo cha macho yake.

Kuondoka. Hapa Dar tuna mazoea ya kumtoroka mtoto: anadanganywa na biskuti, mama anapita mlango wa nyuma awahi daladala. Kwa mtoto huyu ni kosa kubwa, kwani unamthibitishia kwamba watu hupotea. Muage mbele ya macho yake hata akilia. Mwambie utarudi baada ya tukio analolijua: "Narudi mkimaliza kula chakula cha mchana." Mwachie khanga yako. Kisha rudi wakati huo kweli.

Salamu. Asilazimishwe kuinamisha kichwa ashikwe na kila mgeni, maana mkono unaokuja kichwani ni mkono aliokuwa akiukwepa. Asimame kando yako, aseme shikamoo kutoka hapo. Akishindwa, wewe itikia kwa niaba yake: "Anakuamkia, mzee. Leo ana haya."

Kuoga. Mwambie kabla hujagusa: "Sasa naosha mgongo." Mwachie aoshe sehemu za siri mwenyewe kadiri anavyoweza.

Onyo: kauli kama "nitakurudisha kwenu", "nitamwita polisi" na "daktari atakuchoma sindano" zifutwe nyumba nzima. Moja tu inaweza kurudisha nyuma kazi ya wiki nyingi.

## Hatua ya 5: Chakula na usiku

Mtoto anayeficha chakula si mwizi. Njaa imemfundisha kuweka akiba. Jaza kopo lake kitu kisichoharibika haraka, kama karanga za kusaga zilizopakwa kwenye mkate mkavu, au biskuti, na liwe mahali anapolifikia mwenyewe. (Karanga nzima zina hatari ya kupalia kwa watoto wa umri huu.) Milo mitatu na vitafunwa mara mbili, saa zilezile. Asinyimwe chakula kama adhabu, hata mara moja.

Kwa kawaida ataanza kwa kumaliza kopo zima. Lijaze tena bila maneno. Ukiona kopo linashinda na chakula hadi jioni, jua ameanza kuamini kwamba kesho kutakuwa na uji.

Usiku ndio mgumu zaidi, kwa sababu kwa wengi wao ndio wakati mabaya yalitokea. Taa iwake. Mlezi yuleyule akae karibu hadi asinzie. Kwenye chumba cha kupanga ambako majirani wanapita ukumbini usiku, godoro lake liwe upande ulio mbali na mlango, na yeye aone mlango ulipo.

Akiamka anapiga kelele, usimtikise. Taja jina lake kwa sauti ya chini, mwambie alipo: "Upo kwa shangazi. Mlango umefungwa. Mimi nipo hapa."

Kukojoa kitandani ni kawaida kwa watoto wengi hadi miaka mitano, na hofu huirudisha hali hiyo hata kwa aliyekwisha kuacha. Badilisha khanga, futa nailoni, rudi kulala. Kumbebesha godoro juani mbele ya majirani au kumwimbia kikojozi huongeza hofu, na hofu huongeza mkojo. Akilalamika mkojo unawasha au unauma, mpeleke apimwe.

## Hatua ya 6: Akilipuka

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Fuata mpangilio huu:

1. Ondoa watoto wengine na vitu vigumu. Majirani wakijaa mlangoni, waambie: "Asanteni, nitawaita nikiwahitaji."
2. Shuka chini. Kaa ubavu kwake, umbali wa mita moja hivi. Usisimame juu yake, usimzibie njia, usimkazie macho.
3. Sema maneno machache kwa sauti ya chini, na yarudie yaleyale: "Uko salama, baba. Nipo." Maswali kama "umefanyaje?" au "kwa nini?" hayamsaidii, kwa sababu wakati huo sehemu ya ubongo inayofikiri na kujieleza imezidiwa na hofu.
4. Akigonga kichwa, weka mto au khanga iliyokunjwa katikati ya kichwa na sakafu. Akipiga mwenzake, uzuie mkono kisha uuachie. Kumkandamiza chini hadi anyamaze kunaonekana kufaulu, lakini huko ni kuganda, si kutulia.
5. Kilio kikipungua, mpe maji anywe taratibu. Mnyooshee mkono, yeye aamue kuushika.
6. Subiri dakika 20 au zaidi baada ya utulivu ndipo uzungumze, kwa sentensi mbili tu: "Mlango ulibamizwa ukaogopa. Ukiogopa njoo kwangu, usimng'ate Juma."

Fimbo haifai hapa kwa sababu ya kimwili kabisa: unaongeza kengele kwenye mwili ambao tayari kengele yake haizimi. Atanyamaza, ndiyo. Kesho atang'ata mtoto mdogo zaidi mahali usipomwona.

Badala ya fimbo, mpe kazi ya kurekebisha alichoharibu papo hapo: aliyemwaga maji afute nawe, aliyemuumiza mwenzake alete kitambaa cha maji baridi. Adhabu ya jioni kwa kosa la asubuhi haina maana kwa mtoto wa miaka mitatu. Kumfungia peke yake chumbani nako kunamrudisha kwenye kutelekezwa. Mkalishe karibu nawe hadi apoe.

Dalili ya mafanikio: usitegemee milipuko iishe. Angalia daftari: dakika 40 zimekuwa 25, kisha 15. Dalili kubwa zaidi ni siku atakapoumia na kukimbilia kwako huku akilia.

Tarajia pia mtoto aliyekuwa mpole mno kuanza kukukatalia vitu vidogo. Akisema "sitaki" kuhusu soksi na wewe hukumpiga, amepata ushahidi aliokuwa akiutafuta.

## Hatua ya 7: Mpe majina ya hisia

Anza na manne tu: furaha, huzuni, hasira, hofu. Uyatumie kwako kwanza: "Mama mdogo amechoka. Hajakukasirikia." Mtoto anayeona hasira kwenye kila uso anahitaji kuambiwa waziwazi pale ambapo hakuna hasira.

Dakika 10 kila siku mwachie aongoze mchezo. Wewe fuata, taja anachofanya, usimfundishe wala usimsahihishe. Akimpiga mdoli au kumfungia kwenye kopo mara nyingi, usimkataze na usimchokonoe. Sema, "Mdoli anaogopa. Nani atamsaidia?" Kama mchezo unajirudia siku nyingi kwa namna ileile bila msaada kufika, andika. Mtaalamu atataka kujua hilo.

## Hatua ya 8: Siku atakaposema

Huja bila taarifa, mara nyingi wakati wa kuoga au mkiwa kwenye foleni ya maji. Usishtuke usoni. Sema: "Asante kuniambia. Sio kosa lako." Unaruhusiwa swali moja la wazi: "Halafu ikawaje?" Maswali ya kumwekea jibu mdomoni, kama "Ni mjomba, eti?", huharibu ushahidi na humchanganya mtoto.

Usimwahidi kuificha siri, kwani itabidi umwambie afisa ustawi. Andika maneno yake kama yalivyo, hata kama ni ya kitoto, pamoja na tarehe na saa. Asirudishwe kuhadithia kwa bibi, kwa baba mkubwa, kisha kwa mchungaji au ustadhi.

## Hatua ya 9: Chekechea na madrasa

Mwalimu hahitaji historia yote. Mpe mambo matatu: kinachomwasha, kinachomtuliza, na nani anaruhusiwa kumchukua. Omba akae karibu na mwalimu, aione njia ya kutokea. Kama hapo fimbo hutumika, sema kabla ya siku ya kwanza kwamba huyu asichapwe, na kwamba asishuhudie wenzake wakichapwa pale inapowezekana. Mwalimu akikataa, tafuta chekechea nyingine.

## Wakati wa kutafuta mtaalamu

Nenda mapema kama anajiumiza, anaumiza wanyama au watoto wadogo kwa kurudia, anaacha kula, anapoteza maneno aliyokuwa nayo, anaigiza matendo ya ngono yasiyolingana na umri, au kama miezi mitatu ya kufuata hatua hizi haijabadilisha chochote. Anzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, uombe rufaa. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili na afya ya akili.

Watakaokwambia mtoto ana mapepo hawatakosekana. Maombi na dua havina ubaya wowote. Kumfunga kamba, kumlazimisha afunge kula au kumchapa ili pepo litoke ni mateso mengine, na yanaripotiwa kama yale ya kwanza.

Miadi ikiwa mbali, endelea na ratiba na hatua ya sita. Usimlaze kwa dawa za mafua au za mzio zinazoleta usingizi: zinaweza kumchanganya zaidi usiku, kupunguza pumzi kwa mtoto mdogo, na kumfanya daktari ashindwe kujua kipi ni hofu na kipi ni dawa.